Shangazi, binti yangu ameniomba nisifike shuleni kwao

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Igombe hapa Mwanza. Biashara yangu ni dagaa. Nanunua mwaloni alfajiri, naanika, wakikauka napeleka Kirumba. Mume wangu ana mtumbwi. Wakati wa giza anakuwa kambini upande wa Ukerewe, mbalamwezi ikitoka anarudi nyumbani.

Nina ugonjwa wa ngozi ulioanza baada ya kujifungua mtoto wa pili. Ulianzia kwenye viwiko na kichwani, mabaka mazito yanayobanduka magamba meupe. Sasa uko kwenye viganja, magoti na mgongo. Hospitali waliniambia ni soriasisi, kwamba hauponi moja kwa moja ila unatulizwa. Nikapewa dawa ya kupaka, na wakati nanyanyuka kwenye kiti daktari akaniambia, "Mama, punguza mawazo." Shangazi, maneno hayo yamenikaa kifuani. Kila ngozi ikichachamaa najiuliza nimewaza nini tena. Nikiwaza naumwa, nikiumwa nawaza.

Kirumba nilikuwa na wateja wangu wa kudumu. Mmoja wao, mama mtu mzima, siku hiyo nampimia, akaangalia mikono yangu akasema, "Hizi dagaa zote umezishika wewe?" Akasogea meza ya jirani. Tangu hapo nimemweka binti wa kupima kisado, mimi nakaa nyuma ya magunia nahesabu hela. Kwenye kikoba chetu kila mwanachama hupika chai kwa zamu. Zamu yangu ikifika wananiambia, "Pumzika dada, sisi tutapika." Wanasema kwa upole, lakini naelewa. Kwaya nimeacha kwa sababu sare ina mikono mifupi. Wapo wanaosema nina ngoma. Nimepima mimi na mume wangu, hatuna, lakini nitamwonyesha nani karatasi?

Mama mkwe, yeye yuko Magu, alinipeleka kwa mganga. Nikapakwa dawa nyeusi iliyonibabua mpaka nikashindwa kutembea. Alipoona sijapona akasema ni mkosi nimeingia nao kwenye ukoo wao. Mume wangu hana neno baya, ila mimi mwenyewe namkwepa. Akirudi kutoka kambini nazima taa, nalala na gauni la mikono mirefu, au nasema mtoto ana homa nikalale naye. Juzi ameniuliza kama nina mtu mwingine.

Kilichonifanya niandike ni binti yangu, yuko darasa la tatu. Palitangazwa kikao cha wazazi, akaniambia, "Mama, aende baba, wewe usije." Sikumuuliza kwa nini. Usiku ule nilijikuna mpaka shuka likapata damu. Kuna usiku namwomba Mungu nilale nisiamke, halafu nawakumbuka watoto.

Nisaidie, Shangazi. Je, ni kweli najiletea mwenyewe kwa mawazo? Nitajificha mpaka lini? Na niende kwa daktari wa ngozi au wa akili? Naogopa wasije wakaongeza na neno kichaa juu ya haya niliyonayo.

Mama wa Igombe

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na maneno uliyoyataja haraka ukayapita. Mtu akimwomba Mungu alale asiamke, hiyo ni dalili ya ugonjwa, na ugonjwa huo una tiba. Usiihesabu kuwa upungufu wa imani. Nakuuliza waziwazi, kwa sababu kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo: umewahi kufikiria namna ya kujidhuru? Kama ndiyo, au likija siku yoyote, usibaki peke yako usiku huo. Mwamshe mumeo au jirani unayemwamini, umwambie kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi, mwende kitengo cha dharura cha Sekou Toure au Bugando. Wanapokea watu usiku na mchana. Dawa zote za nyumbani, pamoja na sumu za wadudu na panya, azishike mtu mwingine. Na hata kama jibu lako ni hapana, daktari akuone wiki hii. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi akiwa na huzuni karibu kila siku, amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, halali vizuri na anajiona hafai, madaktari wanafikiria sonona. Katika barua yako nimeiona kwaya uliyoiacha, nimeuona usingizi ulioupoteza, na nimeona unavyojiona.

Sasa swali lako la kwanza. Hapana, hujajiletea.

Soriasisi inatokana na kinga ya mwili kwenda kasi mahali isipotakiwa. Ngozi ya kawaida hujifanya upya kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Kwenye mabaka yako kazi hiyo inafanyika kwa siku chache tu, ngozi changa inarundikana juu kabla haijakomaa, ndiyo hayo magamba. Mtu huzaliwa na mwelekeo huo katika damu ya ukoo, halafu jambo fulani huuamsha: ugonjwa wa koo, baadhi ya dawa, pombe, kipindi baada ya kujifungua, na ndiyo, msongo wa mawazo. Ukiwa na msongo, mishipa ya fahamu na homoni hupeleka taarifa kwenye kinga ya mwili, na uvimbe unaongezeka. Kwa hiyo daktari wako hakusema uongo. Kosa ni kwamba aliishia hapo. Kumwambia mtu apunguze mawazo bila kumwonyesha njia ni kumwachia lawama aende nazo nyumbani, na nimewaona wengi wakizibeba miaka. Kuna watu watulivu kabisa wenye soriasisi mwili mzima, na kuna wenye mashaka mazito ambao ngozi zao hazina doa. Mawazo peke yake hayaanzishi ugonjwa huu.

Na njia hiyo inakwenda pande zote mbili. Ngozi inawasha, usingizi unakatika, mtu aliyekosa usingizi anaona kila kitu kwa uzito, na uzito huo unarudi kwenye ngozi. Isitoshe, kemikali zinazochochea uvimbe huzunguka na damu, na wataalamu wengi wanaamini zinachangia moja kwa moja kushusha moyo wa mgonjwa. Kwa hiyo hiyo huzuni yako kwa sehemu fulani inatoka kwenye ugonjwa wenyewe. Ukitibu upande mmoja unausaidia mwingine. Mwaka 1998 kule Marekani, mtafiti Jon Kabat-Zinn na wenzake walichukua wagonjwa 37 wa soriasisi waliokuwa wakitibiwa kwa mwanga. Nusu wakasikilizishwa kaseti ya kutuliza akili na pumzi wakiwa ndani ya matibabu, nusu wakatibiwa bila kaseti. Waliosikiliza ngozi zao zilisafika mapema zaidi. Angalia vizuri, wote walipata tiba. Akili iliisaidia dawa, haikushika nafasi yake.

Nije kwenye macho ya watu, kwa sababu naona hapa ndipo unapoumia zaidi.

Yule mama wa Kirumba alikubagua kweli. Sitakuambia kwamba ulijiwazia. Wenzako wa kikoba nao wanaogopa, hata kama wanafunika woga wao kwa upole. Lakini kuna jambo jingine linaloongezeka juu ya ubaguzi wa kweli, nalo nataka ulijue. Mwaka 1980, watafiti Robert Kleck na Angelo Strenta wa chuo cha Dartmouth, Marekani, waliwachora watu kovu usoni kwa vipodozi, wakawaonyesha kwenye kioo. Kabla hawajapelekwa kuzungumza na mtu wasiyemjua, wakaambiwa kovu linapakwa mafuta kidogo lisipasuke. Kumbe walikuwa wanalifuta. Walikwenda na nyuso safi, wakarudi wakisema yule mtu aliwakodolea macho, alikuwa na wasiwasi, hakuwa huru nao. Walikuwa wamejiandaa kukataliwa, kwa hiyo kila kope iliyopepesa waliisoma kuwa kukataliwa.

Wewe mabaka unayo, hayajafutwa, na uliyoyapata ni ya kweli. Ndiyo maana mwili wako umejifunza kulitarajia pigo kabla halijaja. Ukikaa nyuma ya magunia huwezi kujua ni wateja wangapi wangenunua bila kujali mikono yako. Na mtu anayeona mikono inafichwa hudhani kuna jambo la kuficha. Uvumi wa ngoma unanenepa hapo.

Kwa hiyo sema kabla hujaulizwa, kwa maneno machache, bila kuomba radhi: "Hii ni soriasisi. Ni kinga ya mwili wangu, haiambukizi. Kisado ni bei ileile." Zoea kuyasema nyumbani mpaka yatoke bila sauti kutetemeka. Anza na mtu mmoja wa kikoba ambaye moyo wako unamkubali, halafu mwombe yeye awe upande wako siku utakapowaambia wengine. Wakikubishia, waambie mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, kwenye mkutano wao wa Geneva, zilipitisha azimio linaloutambua ugonjwa huu kuwa wa kudumu na usioambukiza. Halafu dai zamu yako ya chai. Usisubiri ngozi isafike kwanza. Kupima kisado nako urudi taratibu, labda asubuhi moja katika wiki, ukiwa na wateja wanaokujua, kisha uongeze. Moyo utadunda mara za mwanzo. Ukibaki hapo mpaka utulie, safari inayofuata utadunda kidogo. Ukikimbia kila unapodunda, woga unakua.

Majibu yenu ya kipimo ni siri yenu, huna deni la kumwonyesha mtu karatasi. Mlifanya vizuri kupima, kwa sababu virusi vya UKIMWI vinaweza kuiamsha soriasisi au kuizidisha, na daktari yeyote makini angekuuliza.

Kuhusu kujikuna usiku, kukuambia "usijikune" ni maneno matupu. Mkono unakwenda wenyewe ukiwa usingizini nusu. Kuna mazoezi yaliyojaribiwa Sweden mwaka 1989 kwa watu wenye pumu ya ngozi, ambayo nayo inawasha vibaya: ukihisi mkono unaelekea kwenye baka, unakunja ngumi na kuibana kwa nusu dakika, kisha unabonyeza pale panapowasha badala ya kukwaruza. Waliofanya hivyo pamoja na kupaka dawa walijikuna kidogo kuliko waliopaka dawa tu. Kata kucha, paka mafuta ya mgando mazito mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, na ulale pasipo na joto. Ngozi yenye soriasisi ikijeruhiwa hutoa baka jipya palepale. Heinrich Köbner, daktari wa Ujerumani, alilieleza hilo tangu 1872. Kwa hiyo hata mikwaruzo ya kubeba magunia na kugeuza dagaa kwenye mchanga ina sehemu yake, na kazi ikiwa nzito vaa glavu. Vaa kwa ajili ya ngozi, ukimaliza zivue, hata kama watu wapo.

Umeuliza daktari yupi. Wote wawili, mwanangu. Bugando kuna kliniki ya ngozi na kuna idara ya afya ya akili, na unaweza kuanzia Sekou Toure wakakuandikia rufaa. Kule hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992 kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo usikubali kuishia kwa muuza duka la dawa anayekupa tyubu bila kukuangalia mgongo. Krimu kali zikipakwa ovyo kwa muda mrefu hula ngozi, na vidonge au sindano za steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, zikiachwa ghafla zinaweza kuufumua ugonjwa vibaya zaidi. Beba kila ulichopaka na kumeza, hata ile dawa nyeusi kama imebaki. Mwambie daktari kama viungo vinauma au vinakakamaa asubuhi, maana soriasisi huingia pia kwenye viungo. Na kama unanyonyesha au mnapanga mtoto mwingine, sema mapema, kwa kuwa baadhi ya vidonge vya ugonjwa huu, methotrexate kwa mfano, ni hatari kwa mimba.

Halafu mwambie na haya uliyoniambia mimi. Usimwonyeshe mabaka tu. Madaktari wa ngozi wana dodoso la maswali kumi lililotungwa Cardiff mwaka 1994 na Andrew Finlay na mwenzake Khan. Linauliza juu ya wiki moja iliyopita: umeona aibu kiasi gani, umechaguaje nguo, kazi imekwendaje, ndoa imekwendaje. Alama zinaanzia 0 hadi 30, na zikipita 10 huhesabiwa kwamba ugonjwa umeyaathiri sana maisha yako, na hiyo ni moja ya sababu za kufikiria tiba yenye nguvu kuliko ya kupaka. Kwa maneno mengine, machozi yako ni sehemu ya kipimo. Ukimficha daktari, atakutibu viwiko akuache wewe.

Upande wa akili usiogope jina. Kliniki hiyo inapokea wenye sonona, wenye wasiwasi, waliofiwa, waliokosa usingizi. Wengine wanahitaji mazungumzo na mtaalamu kwa vipindi kadhaa, wengine huongezewa dawa. Nani atakayejua umekwenda ngozi au kwingine? Hospitali ni moja.

Mumeo. Huyu amekuuliza kama una mtu mwingine, na mimi nasikia maumivu yake humo ndani. Anaona mlango umefungwa hajui kwa nini. Akirudi kutoka kambini usianze na kitanda, anza na maneno: "Ninakukwepa kwa aibu ya ngozi yangu, si kwa kukuchoka." Mwombe akupake dawa mgongoni, mahali ambapo mkono wako haufiki. Ni msaada wa kweli, na utamwona akikugusa bila kusita. Taa muiwashe mtakapokuwa tayari.

Mama mkwe usibishane naye, ni mama yako. Neno la mkosi limemtoka kwa hofu. Mwombe akusindikize kliniki siku ya miadi, mwingie pamoja, umwache mtaalamu amweleze yeye mwenyewe na amjibu maswali yake. Heshima ya kuitwa ina nguvu kwa wazee kuliko kukosolewa. Mganga, hapana. Hilo mumeo ndiye amwambie mama yake, asikuachie wewe.

Nimemwacha binti yako mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyekufanya uandike. Mtoto wa darasa la tatu anayesema "usije" mara nyingi ameshachekwa, na hana jibu la kuwapa wenzake. Anajilinda, na labda anakulinda wewe pia. Muulize sasa lile swali ambalo hukumuuliza: "Wanakuambia nini shuleni?" Msikilize mpaka amalize, usilie mbele yake ukiweza, ukilia si vibaya. Mwonyeshe mkono, aushike kama anataka, umwambie ugonjwa unaitwaje, hauambukizi, na hukumkosea mtu. Atauliza kama naye ataupata. Mwambie ukweli: unaweza kwenda kwenye ukoo, lakini watoto wengi wa wagonjwa hawaupati, na siku hizi una tiba. Kisha mpe yale maneno yako mafupi, ayaseme kwa lugha yake.

Mwone mwalimu wake kabla ya kikao kijacho, umweleze kwa dakika tano, umwombe aangalie kama kuna watoto wanaomwita majina. Siku ya kikao vaa nguo unayoipenda. Kama ni mbalamwezi mwende na mumeo, na kama yuko kambini, nenda mwenyewe.

Niandikie baada ya miadi ya kwanza.

Shangazi yako